Betri ya gitaa haimalizi wiki mbili: je, priampu imekufa?

"Shikamoo fundi. Napiga gitaa kwenye kwaya ya kanisani kwetu, hapa Tanga. Ni gitaa la mbao la nyuzi sita, lina tundu la kuchomeka waya wa kwenda kwenye mikseta, na ubavuni lina kidude chenye vitufe vya sauti na tyuna. Nililinunua mtumba mwaka jana. Shida yangu ni ile betri ya mraba ya volti 9. Naweka mpya, siku ya tisa au ya kumi imeshaisha: sauti inapungua, inakwaruza nikipiga kwa nguvu, halafu inakata kabisa. Nimeshanunua tano kwa miezi miwili. Gitaa halina swichi, kwa hiyo huwa sizimi kitu. Tukimaliza ibada nazima mikseta na spika, gitaa nalisimamisha kwenye stendi yake. Fundi redio mmoja ameniambia priampu imekufa na inakula umeme, nibadilishe yote. Mwenzangu ananishauri betri za kuchaji, mwingine anasema hizo zitaharibu gitaa, bora adapta ya ukutani. Nifanye nini kabla sijatoa hela?"

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na jambo la kwanza ninalokuomba ni usitoe hela yoyote wiki hii, si ya priampu (ile sakiti ya ndani inayoipa sauti ya gitaa nguvu ya kufika kwenye mikseta) wala ya adapta. Yawezekana kabisa gitaa lako ni zima.

Kuna maneno mawili kwenye maelezo yako ambayo lazima niyasahihishe, kwa sababu naona tatizo lote limejificha hapo. Umesema gitaa halina swichi. Linayo. Swichi ya gitaa la aina hii ni lile tundu la jeki lenyewe, jeki ikiwa ni kile kichwa cha chuma cha waya: ukichomeka waya umewasha, ukichomoa umezima. Mikseta na spika hazina amri yoyote juu ya betri iliyomo ndani ya gitaa. Hata ukizima umeme wa kanisa zima, betri itaendelea kutumika usiku kucha maadamu jeki imo tunduni. Ukishusha kitufe cha sauti hadi sifuri nacho hakisaidii, kwa sababu kinapunguza sauti tu, hakikati umeme. Hukuandika kwamba unachomoa waya kabla ya kulisimamisha gitaa kwenye stendi, na hizo siku tisa au kumi ulizozitaja zinanifanya niamini kwamba huchomoi.

Si kosa la kuonea haya. Maelezo haya huandikwa kwenye kijitabu cha gitaa jipya, na gitaa la mtumba haliji na kijitabu. Tena hakuna taa inayobaki ikiwaka ikukumbushe. Nimepokea magitaa ya kwaya na ya bendi za harusi kwa miaka mingi, na malalamiko ya betri kuisha haraka yanapokuja mezani kwangu, swali langu la kwanza huwa ni hilo hilo: waya unalala wapi?

Nikueleze tundu hilo linavyofanya kazi, maana ukishaliona kwa macho ya akili hutasahau kuchomoa tena. Ndani ya tundu la jeki la gitaa lako kuna sehemu tatu za shaba au nikeli. Ya kwanza ni kidole kirefu kinachokandamiza ncha ya jeki. Hapo ndipo sauti inapopita. Ya pili ni kidole kifupi zaidi kinachogusa jeki katikati. Ya tatu ni lile shina la tundu, yaani mwili wake, ambao umeunganishwa na upande wa hasi wa sakiti nzima. Waya mweusi wa betri haukulehemiwa kwenye shina. Umelehemiwa kwenye kile kidole cha katikati, ambacho bila jeki kinaning'inia hewani hakigusi kitu. Sasa chukua waya wako wa kawaida wa gitaa utazame jeki yake: ina ncha, mstari mmoja mweusi, halafu mwili mrefu wa chuma. Mwili huo ukiingia tunduni unagusa shina na kidole cha katikati kwa wakati mmoja. Unakuwa daraja. Umeme wa betri unavuka hapo na priampu inaamka. Ukichomoa, daraja limeondoka.

Ndiyo maana nasema jeki ni swichi. Na ndiyo maana pia waya wa stereo, ule wenye mistari miwili myeusi kwenye jeki, mara nyingi hulifanya gitaa la aina hii likae kimya: kidole cha katikati kinaangukia kwenye pete ambayo haijaungana na mwili wa jeki, na daraja halipatikani. Nimewahi kuletewa gitaa zima kabisa kutoka Bagamoyo kwa sababu hiyo tu.

Sasa hesabu. Betri nzuri ya volti 9 ya alkalaini ina akiba ya miliampu-saa 500 hivi, yaani ukiila miliampu moja itadumu saa 500. Ile ya kaboni, ya bei nafuu, ina kama 400. Priampu zenye vitufe na tyuna kama yako hula kati ya miliampu 1 na 5, tuchukue 2. Gawa 500 kwa 2 unapata saa 250, ambazo ni siku kumi na saa chache. Gawa 400 kwa 2 unapata saa 200, siku nane na kidogo. Siku zako tisa au kumi zimeangukia humo humo. Kama priampu ingekuwa imepiga shoti kweli, betri isingefika hata Jumatano. Ingekufa kwa saa chache na pengine ungeikuta ina joto mkononi.

Tuchukue upande wa pili. Tuseme kwaya yenu ina mazoezi mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, na ibada ya Jumapili saa tatu. Jumla saa 7. Ukichomoa waya kila ukimaliza, gitaa linakula miliampu-saa 14 kwa wiki, na betri ile ile ya alkalaini inafika wiki 35. Miezi minane. Betri tano ulizonunua kwa miezi miwili zingekuvusha miaka mitatu, japo sikushauri uweke akiba ya betri kwa muda mrefu kiasi hicho katika joto la Tanga.

Pengine unajiuliza kwa nini gitaa la mbao, lenye sauti yake ya kuzaliwa nayo, lihitaji betri. Swali hili lina maana, kwa sababu kuna imani kwamba betri ndiyo inayotengeneza sauti, au kwamba betri kali zaidi itatoa sauti kubwa zaidi. Sivyo. Chini ya kile kijiti cheupe ambacho nyuzi zinakalia, kuna kiutepe chembamba cha piezo. Hii ni aina ya fuwele au kauri ambayo ukiiminya inatoa umeme yenyewe. Ndugu wawili wa Paris, Pierre na Jacques Curie, waliionyesha tabia hiyo mwaka 1880, na wewe unaitumia jikoni kila siku: kile kiberiti cha jiko la gesi cha kubofya, kinachotoa cheche bila betri wala waya wa umeme, ni piezo iliyogongwa. Kwenye gitaa, mtetemo wa nyuzi unakiminya na kukiachia kile kiutepe mamia ya mara kwa sekunde, na kila mminyo unatoa umeme kidogo wenye umbo la sauti.

Umeme huo ni dhaifu kwa namna ya pekee. Si kwamba volti zake ni ndogo. Ni kwamba hauna mkondo wa kusukuma kitu. Ukiupeleka moja kwa moja kwenye tundu la mikseta lenye ukinzani (yaani kizuizi cha umeme) wa omu elfu kumi hivi, unazama hapo hapo, na kinachobaki ni mlio mwembamba kama wa redio ya simu. Besi ndiyo inayotangulia kufa. Uzi mnene wa sita unatetema mara 82 kwa sekunde, na ili mtetemo huo ufike salama, kile kiutepe kinataka kukutana na ukinzani wa mamilioni ya omu. Priampu nyingi hutengenezwa kwa milioni kumi. Basi kazi ya kwanza ya priampu ni kuupokea umeme huo dhaifu bila kuuelemea, kisha kuutoa tena ukiwa na nguvu ya kupita kwenye waya wa mita kadhaa hadi kwenye mikseta. Vitufe vya besi na treble, na tyuna, ni nyongeza juu ya kazi hiyo. Betri inailisha priampu tu.

Hapo utaelewa pia kwa nini gitaa lako linakwaruza kabla ya kunyamaza. Priampu haiwezi kutoa wimbi refu kuliko volti inazopewa. Betri ikiwa na volti 9 kuna nafasi ya kutosha hata ukipiga kwa nguvu. Ikishuka hadi 6, mapigo ya taratibu yanapita vizuri, lakini ukikung'uta pambio kwa nguvu zote, vilele vya mawimbi vinagonga dari na kukatwa. Sikio linasikia ukwaruzo. Kwa hiyo mkwaruzo unaokuja kwenye mapigo makali tu, na kupotea ukipiga taratibu, ni dalili ya betri. Mvumo unaoendelea hata usipogusa kitu, na unaopungua ukishika nyuzi, kwa kawaida si betri. Hapo tafuta tatizo la waya, la tundu la jeki, au la soketi ya ukutani isiyo na waya wa ardhi.

Fundi redio wako hakukosea kusema kuna kitu kinakula umeme. Kosa ni kuhukumu kabla ya kupima, na kipimo chenyewe ni cha dakika tano. Mwambie atumie multimita, yaani mita ya kupimia umeme, aiweke kwenye miliampu za umeme wa betri. Achomoe kile kifuniko chenye nyaya kinachobana chuchu za betri na kukirudisha kwa upande mmoja tu, ili chuchu moja ya betri ibaki wazi na tundu moja la kifuniko libaki wazi. Waya mmoja wa mita uguse chuchu iliyo wazi, mwingine uguse tundu lililo wazi. Sasa umeme wote wa gitaa unapita ndani ya mita. Asije akaweka nyaya zote mbili za mita kwenye betri yenyewe akiwa kwenye kipimo hicho, maana ataunguza fyuzi ya mita. Kama betri yako inakaa kwenye kiboksi chenye springi badala ya kifuniko cha waya, kazi ni ile ile ila inataka mikono miwili zaidi.

Soma namba mara tatu. Kwanza, jeki ikiwa nje na tyuna imezimwa: inatakiwa iwe sifuri, au karibu nayo kabisa. Pili, jeki ikiwa ndani, hata kama upande wa pili wa waya haukuchomekwa popote: utaona 1, 2, 3, hata 5. Tatu, bofya tyuna uone inapanda kiasi gani. Kama namba ya kwanza ni sifuri na ya pili haipiti 5, priampu haijafa na haivujishi, na mazungumzo ya kuibadilisha yaishe hapo.

Kama namba ya kwanza si sifuri, yaani gitaa linakula umeme hata waya ukiwa umechomolewa, kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya kuigusa priampu. La kwanza, na kwa gitaa la mtumba ndilo ninalolishuku zaidi, ni kwamba kuna mtu alishabadilisha tundu la jeki akaweka la kawaida lenye miguu miwili, kisha akaulehemu waya mweusi wa betri moja kwa moja kwenye shina. Gitaa hilo halizimi kamwe. La pili ni kidole cha katikati kilichopinda kikawa kinagusa shina muda wote, au uchafu wa kutu uliojenga daraja kati yao. Hapo pwani kwenu chumvi ya hewani inafanya hivyo. La tatu ni tyuna. Magitaa mengi huruhusu tyuna iwake bila waya, ili mpigaji aweke nyuzi sawa kimyakimya, na si zote zinazojizima zenyewe. Gitaa likibanwa kwenye begi huku kitufe kimebonyea, tyuna inaweza kukesha. Matatu haya yote hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya priampu mpya.

Tuje kwenye betri zenyewe, kwa sababu hata ukichomoa waya kila siku, betri mbaya itakusumbua. Usisome maandishi makubwa ya mbele yanayosema betri ina nguvu sana. Geuza, utafute namba ndogo. Betri ya volti 9 iliyoandikwa 6F22 ni ya kaboni. Iliyoandikwa 6LR61 au 6LF22 ni ya alkalaini. Herufi L ndiyo inayokupa habari. Kwa betri ndogo za AA ni vivyo hivyo: R6 ni kaboni, LR6 ni alkalaini, jambo hili litamfaa mwenzako mwenye gitaa linalotumia AA mbili, kama yalivyo baadhi ya magitaa ya Yamaha. Angalia na tarehe ya mwisho. Betri iliyokaa miaka mitatu kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana ilishazeeka kabla hujaigusa. Mimi hununua alkalaini kwenye duka linalouza kwa wingi, hata ikiwa bei yake ni mara mbili ya ile ya kaboni. Sababu si akiba yake kubwa pekee. Ya kaboni hutumia kopo lake lenyewe la zinki kama chakula. Kadiri inavyotumika ndivyo ukuta wake unavyokonda, na ikiisha ikaachwa ndani, inatoboka na kumwaga maji yake kwenye gitaa.

Hapo ndipo penye ile desturi ya kuanika betri juani. Wengi tumekua tukiona mawe ya redio yakipangwa juu ya bati mchana ili jioni taarifa ya habari isikike. Inafanya kazi kidogo, na kuna sababu: joto linaharakisha kemia iliyobaki ndani, na mapumziko yenyewe yanairudishia betri sehemu ndogo ya volti yake kwa muda. Ila haijachajiwa. Mabaki yale yale yamekamuliwa kwa haraka zaidi, na kopo lililokonda limepashwa moto. Redio ya mawe inaweza kuvumilia. Gitaa usilifanyie hivyo.

Mapumziko hayo yanawadanganya hata wenye mita. Betri iliyochoka, ukiipima ikiwa imekaa peke yake mezani, inaweza kuonyesha volti 8 na zaidi. Ipime ikiwa ndani ya gitaa, waya umechomekwa. Mpya ya alkalaini huonyesha zaidi kidogo ya 9. Ikifika 7.5 nenda na nyingine mfukoni. Ikigusa 7, ibadilishe kabla ya ibada.

Kuhusu za kuchaji, wenzako wote wawili wana nusu ya ukweli. Haziharibu gitaa. Ila betri ya kuchaji ya NiMH yenye umbo la volti 9 kwa kawaida ina volti 8.4, na nyingine 7.2, kwa hiyo inaanza safari pale ambapo ya alkalaini imeshafika njiani. Akiba yake ni miliampu-saa 150 hadi 300 hivi. Kwa matumizi ya saa 7 kwa wiki ingekutosha vizuri ukiichaji mara moja kwa mwezi, ukikubali kwamba taa ya onyo la betri kuisha, kama gitaa lako linayo, inaweza kuwaka mapema. Nunua yenye volti 8.4, na chaja yake. Zile za lithiamu zenye tundu la USB ubavuni zinahitaji uangalifu zaidi: ndani nyingi zina sakiti ndogo inayopandisha volti, na sakiti hiyo huweza kutoa mlio mwembamba wa juu unaoingia kwenye spika. Kwenye gitaa moja husikii kitu, kwenye jingine ni kero. Tena hukata ghafla bila kukwaruza kwanza. Ukitaka kuijaribu, ijaribu siku ya mazoezi, si siku ya mkesha. Kwa hali yako, na hesabu ya miezi minane, mimi ningebaki na alkalaini.

Adapta ya ukutani, hapana. Adapta nyingi za bei rahisi zilizoandikwa 9 hutoa volti 12 na zaidi zisipoelemewa, na gitaa linalokula miliampu 2 haliielemei adapta hata kidogo. Utapata na mvumo wa umeme wa ukutani ndani ya sauti yako. Na adapta mbovu inaweza kuleta umeme wa nyumba hadi kwenye nyuzi unazozishika kwa mikono yenye jasho. Sitaki ulifikirie tena. Wasikudanganye pia kuunganisha betri mbili zikawa volti 18 ili sauti ijae. Priampu isiyotengenezwa kwa volti hizo inaweza kuungua.

Siku ya kubadilisha, fanya taratibu. Shusha kwanza sauti ya mstari wako kwenye mikseta, ndipo uchomoe waya. Ule mlipuko wa ghafla huumiza spika na masikio. Kwa gitaa lako betri iko ama nyuma ya kimlango kwenye kile kidude cha ubavuni, ama kwenye kiboksi kidogo karibu na tundu la jeki. Kifuniko cha betri usikivute kwa nyaya zake, maana ni nyembamba na hukatika pale zilipolehemiwa. Kishike chenyewe kwa kucha ukikitikisa upande hadi upande. Chuchu ndogo ya mviringo ni chanya, ile pana yenye meno kama ua ni hasi. Usijaribu upande kwa kugusisha, kwa sababu priampu zisizo na dayodi ya ulinzi zinaweza kufa kwa mguso mmoja wa kinyume. Tazama kwanza, bonyeza baadaye. Kisha andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya betri yenyewe. Tarehe hiyo itakuambia mengi kuliko kumbukumbu.

Kuna magitaa ambayo betri yake imefungwa ndani, karibu na shingo, na njia ni lile tundu kubwa la katikati. Ukikutana nalo, legeza nyuzi hadi mkono upite kati ya uzi wa tatu na wa nne, usizitoe zote. Shikilia betri mpya isigongagonge mbao, hakikisha kimkanda chake kimeshika, kisha rudisha nyuzi polepole. Kile kiutepe cha piezo kinafanya kazi kwa kukandamizwa; kama baada ya hapo uzi mmoja unasikika mdogo kuliko wenzake, kijiti cheupe hakijakaa sawa.

Ukifungua ukakuta unga mweupe kwenye chuchu za betri, iliyovuja kwa kawaida ni alkalaini. Unga huo unaunguza ngozi na macho, kwa hiyo vaa glavu na uwaweke watoto mbali. Lowesha kijiti cha pamba kwa tone la siki au ndimu, sugua chuma tu, bila kudondosha chochote ndani ya kidude. Utasikia kama povu dogo. Futa kwa pamba nyingine yenye spiriti, acha pakauke kabisa mlango ukiwa wazi. Gitaa likikaa bila kupigwa zaidi ya mwezi, toa betri. Kwa unyevunyevu wa Tanga ningesema hata wiki tatu.

Jumapili hii basi weka betri mpya yenye herufi L, andika tarehe, na uchomoe waya upande wa gitaa kila mnapomaliza, bila kukosa hata siku moja. Kama siku ya ishirini bado inaimba vizuri, umepata jibu lako. Kama imekufa tena na una hakika hukuusahau waya, mpelekee fundi. Mpelekee pia bila kungoja siku yoyote ukiona betri inapata joto, ukisikia harufu ya kuungua, ukikuta kutu imepanda kwenye nyaya za ndani, au betri mpya iliyopimwa haileti sauti kabisa. Tafuta mtu anayelehemu vitu vidogo kwa mkono mtulivu, na akupimie zile namba tatu ukiwa umesimama hapo. Akisema tundu la jeki ndilo bovu, mwambie aweke la miguu mitatu, waya mweusi wa betri ukae kwenye mguu wa katikati, na akurudishie lile la zamani uone lilivyopinda.